Sauti Niliyoiacha Chini ya Lori

Nakumbuka mchana mmoja wa msimu wa pamba, mwanangu, ambao uongo nilioutamka asubuhi ulirudi kuitika wenyewe, kwa sauti yangu, mimi nikiwa nimefumba mdomo. Sikuambii haya ili nikutishe. Umekwisha shika spana na watu wameanza kukuita fundi, basi kuna jambo ambalo cheti chako hakikufundisha, na mimi ni afadhali niliseme sasa kuliko kulipeleka kaburini. Kaa vizuri. Mwenda pole hajikwai, na mzee akisimulia haharakishwi.

Miaka ile soko la pamba lilikuwa limefunguliwa karibuni. Tulizoea mnunuzi mmoja tu, ushirika, na mkulima alisubiri zamu yake huku panya wakizaa ndani ya pamba. Ghafla wakaja wafanyabiashara kutoka Mwanza, Shinyanga na kwingine tusikokujua, kila mmoja na mizani yake na karani wake, na kila mmoja akitaka kufika vijiji vya Kasoli au Migato kabla ya mwenzake. Walikuja na malori kuukuu yaliyokwisha staafu mara mbili. Kwetu mafundi wa Bariadi ilikuwa neema. Ila lori kuukuu lina bolti nyingine ambazo, nakuapia, aliyelitengeneza alizifunga kwanza zikiwa hewani, kisha akalijenga lori kuzizunguka. Spana ya dukani haifiki.

Fundi wangu, Mzee Luhende, alikuwa na dawa yake. Babu yake alikuwa mhunzi wa majembe, naye alirithi mkono huo. Alichukua spana ya kawaida, akaikata, akaitia kwenye moto wa mkaa mpaka ikawa nyekundu, akaipinda ifuate njia ya kufikia bolti moja tu, kwenye gari la aina moja tu. Alikuwa nazo kumi na moja, zimepangwa ukutani kwenye misumari, na kila moja ina jina lake kama ng'ombe wa zizini. Kulikuwa na Shingo. Kulikuwa na Sikio na Mkia wa Nyani. Na kulikuwa na Kibiongo, spana ya ringi iliyopindwa mara mbili, ya kufungia bolti ya nne ya boksi la usukani. Bolti hiyo huioni kabisa, mwanangu. Unaupeleka mkono gizani kati ya chesisi na bomba la eksozi, na vidole vyako vinaona badala ya macho.

Sasa sikiliza desturi ya gereji ile, maana hapo ndipo penye habari yote. Gari likishapona, kabla halijatoka, injini zote uwanjani zilizimwa. Mzee alisimama mlangoni mwa karakana akaita spana zake za kupinda moja moja kwa majina. Fundi aliyekuwa nazo alizigusa kwa mkono wake na kuitika, "Ipo." Zikiisha kuitwa zote kumi na moja, ndipo gari liliwashwa. Madereva wa Bariadi waliizoea desturi hiyo kiasi kwamba mtu akipita barabarani akasikia tu "Shingo!" anazima gari lake bila kuambiwa, halafu ndipo anakumbuka kwamba yeye hahusiki.

Wageni walicheka. Mimi nami nilicheka, ila kimoyomoyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina mke, nina cheti cha chuo, najiona mjuzi kuliko kuita vyuma kama mifugo. Lakini Mzee hakuwa akicheza, alihakikisha hakuna spana iliyobaki ndani ya gari. Macho yake yalikuwa yameungua kwa miaka mingi ya kuchomelea. Gari aliliona kama kivuli, spana hakuiona kabisa. Alikuwa amebaki na masikio, na masikio hayo aliyaweka mikononi mwangu. Alikwisha niambia kwamba macho yakizima kabisa zana zile zitakuwa zangu. Nilizitaka zana zile kuliko nilivyotaka shamba.

Basi asubuhi ya siku hiyo lilikuwepo lori la mnunuzi mmoja kijana, mwenye saa kubwa mkononi. Dereva wake alikuwa shemeji yangu Masunga, mume wa dada yangu Holo. Boksi la usukani lilikuwa limelegea, tukalifungua, tukalifunga upya. Holo mwenyewe alikuwa amekuja mjini kumpeleka mtoto kliniki, mtoto wa miezi minne, na alikuwa anarudi kwake Migato na lori hilohilo. Juu kulikuwa na watu wengine kama kumi, pamoja na karani na mizani yake.

Nilikaza bolti ya nne kwa Kibiongo, ikakaza barabara. Lakini nilipotaka kuitoa, spana ikakataa. Mkia wake ulikuwa umenasa kati ya chesisi na bomba la eksozi. Nikavuta, nikasukuma, nikaizungusha. Kuitoa kulitaka nifungue eksozi, kazi ya nusu saa.

"Fundi, wenzangu wameshatundika mizani huko," yule kijana akasema, akiigonga saa yake kwa kidole. "Mimi nitanunua majani?"

Nikajiambia, chuma kimekaa mahali pake, hakiendi popote. Kitaenda Migato na kurudi, jioni nitakichomoa taratibu na hakuna atakayejua. Nikajifuta mikono. Mzee akasimama mlangoni akaanza kuita. Shingo, ipo. Sikio, ipo. Alipofika Kibiongo, nilishika msumari mtupu ukutani nikaitika, "Ipo," kwa sauti nzuri ya mtu mwaminifu.

Holo aliinama kutoka juu ya lori, mtoto mgongoni. "Mabula, gari zima hili?"

"Zima, dada. Nendeni salama."

Wakaondoka saa nne. Mimi nikaanza kazi ya pikapu ya mwalimu mmoja, ambayo nayo ilisumbua usukani. Mwenyewe alitoka kwenda kunywa chai, tukabaki mimi na Mzee tu uwanjani. Ilipokaribia saa sita nikamaliza. Nikauzungusha usukani wa pikapu mpaka mwisho upande wa kulia, huku nimeinama kutazama chini. Mkono wa usukani, kile chuma cha chini kinachogeuza magurudumu, ukazunguka polepole, ukapita, ukaenda kugota kwenye chesisi, pale hasa ambapo kwenye lori la Masunga niliacha mkia wa Kibiongo.

Mwanangu, nilisikia baridi jua likiwa utosini. Barabara ya kwenda Migato nilikuwa naijua. Ni mbuga, imenyooka, dereva hahitaji kukata usukani sana. Halafu inafika kwenye mteremko wa kushuka mtoni, na hapo ipo kona moja ya kulia, kali, korongo upande wa pili. Masunga akikata usukani wote pale, ule mkono utaibana spana, na usukani hautarudi.

Unadhani nilikimbia kumwambia Mzee? Sikukimbia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hata uongo wenyewe. Nilisimama nikafikiria misumari kumi na moja ukutani. Nikafikiria labda wamesimama njiani kupakia, labda Masunga atakata kona kidogo tu, labda spana itadondoka yenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo nilichokuwa nakificha hakikuwa changu.

Mzee akatoka mlangoni. "Umemaliza? Haya, tuite."

Nilikwenda kwenye mtungi, nikachota maji kwa kikombe, nikarudi kusimama karibu na ukuta. Akaita Shingo, nikaitika. Sikio, nikaitika. Mkia wa Nyani, nikaitika. Nilipojua inayofuata ni Kibiongo, nikajaza maji mdomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu: mtu mwenye maji mdomoni hawezi kuulizwa kwa nini hajaitika.

"Kibiongo!"

Uwanja ulikuwa kimya. Upepo haukuwepo, lakini nyuzi za pamba zilizomwagika kutoka kwenye malori zilikuwa zinatembea chini kwenye mchanga, taratibu, kuelekea kwenye pikapu. Na kutoka chini ya pikapu, pasipo na mtu, sauti yangu ikasema, "Ipo."

Ilikuwa sauti yangu ya asubuhi. Nzuri, ya mtu mwaminifu. Maji bado yalikuwa mdomoni mwangu.

Mzee Luhende hakushtuka. Aligeuza kichwa akalielekeza sikio upande wa pikapu, kisha akaligeuza upande wangu.

"Mabula," akasema, "meza hayo maji. Halafu uitike wewe."

Nikameza. Nikamwambia yote. Maneno yalitoka kama matapishi, bila mpangilio: spana, kona, lori. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza jambo moja tu.

"Nani wamo?"

"Watu kumi na zaidi. Na Holo. Na mtoto."

Akafumba yale macho yake yasiyoona. "Twende."

Tuliichukua pikapu ya mwalimu bila ruhusa, na mpaka leo sijui aliporudi kutoka kwenye chai alifikiri nini. Niliendesha kama mwehu. Mzee alikaa pembeni, mikono juu ya magoti. Ningefurahi kama angenipiga. Barabara nzima hatukukutana na mtu, na huo ulikuwa msimu wa pamba, siku ambazo baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe huwa haziishi. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimening'inia kwenye miiba pande zote mbili. Mahali fulani tulipita kundi la ng'ombe lisilo na mchungaji, wamesimama bila kula, vichwa vyote vimeelekea mbele, upande tuliokuwa tunakwenda.

Tukaliona lori. Lilikuwa limesimama katikati ya barabara, limezimwa, mlango wa dereva wazi. Mbele yake, kama hatua arobaini, barabara ilikuwa inaanza kuinama kwenda kwenye ile kona. Watu wote walikuwa wameshuka wakaenda kukaa mbali, chini ya migunga, wamebanana. Hata yule kijana mwenye saa alikuwa amekaa chini kwenye vumbi. Nilimtafuta Holo kwa macho. Nilipomwona na mtoto wake mgongoni, nikashikilia mlango wa pikapu.

Masunga alikuja taratibu. Alimwinamia Mzee kwa heshima, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Kwa nini umesimama?"

"Wewe si ndiye umenisimamisha, baba?" Masunga alisema. "Nilisikia unaita. Shingo. Sikio. Zote kwa mpangilio wake, kama umesimama nyuma ya kiti changu. Mimi nikazima gari, si ndiyo desturi? Halafu ndipo nikakumbuka nipo porini. Nikatulia hivyohivyo. Ulipofika Kibiongo, akaitika huyu shemeji yangu. Toka chini ya miguu yangu. Nikashuka kuchungulia, hayupo."

"Wengine wamesikia?"

"Wote, baba. Mtoto alikuwa analia, akanyamaza."

Mzee akaomba ashikwe mkono, akapelekwa mpaka kwenye lori. Akapapasa bodi yake kama anavyopapaswa mnyama mgonjwa. Kisha akaniambia, "Ulisema ipo mkononi mwako. Ingia uitoe kwa mkono huo. Usichukue chombo."

Nikalala chali kwenye vumbi, nikajivuta chini ya lori. Bomba la eksozi lilikuwa bado la moto, linachoma ngozi. Nikapitisha mkono pembeni yake, vidole vikatafuta, vikaigusa Kibiongo. Ilikuwa baridi. Pembeni ya bomba lile la moto, mchana ule, ilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje kwenye umande. Nikaivuta, na upande wa pili kitu kikaivuta pia. Hakikuvuta kwa nguvu, kilivuta kiasi kile nilichovuta mimi. Nikiacha, kinaacha.

Niliogopa, mwanangu. Nililia mle chini, mtu mzima mwenye mke, na watu wote waliniona miguu tu ikitikisika.

Kisha Mzee akaanza kuita. Aliita pale barabarani, kwa sauti yake ileile ya kila siku. Shingo. Nikaitika kwamba ipo gereji, ukutani. Sikio, ipo gereji. Alikwenda hivyo moja moja, hakuruka, hakuongeza haraka, na mimi kila jina nilisema kweli ya mahali ilipo. Mpaka akafika.

"Kibiongo!"

Nilihisi neno "ipo" likija kooni lenyewe, limezoea njia. Nikaliuma. "Haipo," nikasema. "Haikuwepo mkononi. Ilinasa, nikaiacha humu. Nilishika msumari mtupu nikakudanganya, baba. Na dada yangu nilimdanganya."

Kilichokuwa kimeshika upande wa pili kikaachia. Sina namna nyingine ya kukueleza. Spana ilinijia mkononi nyepesi, kama mtu anavyokukabidhi kitu ulichomwomba. Nilipoitoa kwenye mwanga tuliona pembeni ya mkia wake mkwaruzo mpya unaong'aa, pale mkono wa usukani ulipokuwa umeanza kuugusa. Kona moja zaidi ingetosha.

Mzee aliipapasa ile alama kwa kidole gumba. Ndipo akanikemea, kwa sentensi mbili tu, na hakupaza sauti. "Mimi sioni, Mabula. Nilikupa masikio yangu yote, ukayatia mchanga."

Nikaenda kwa Holo nikapiga magoti. Hakunipigia kelele. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alishawahi kuniona wapi.

"Nilikuuliza," akasema. "Ukaniambia zima."

Akamkaza mtoto mgongoni kwa kanga, akaondoka kwa miguu kuelekea Migato. Masunga alimwita apande, sasa gari limepona kweli. Hakugeuka. Alishuka ile kona kwa miguu yake, polepole, tukimwangalia wote, mpaka akapotea upande wa mto.

Kesho yake Mzee aliichukua Kibiongo akaitia motoni, akainyoosha ikawa spana ya kawaida, akampa yule mwalimu wa pikapu kama fidia ya usumbufu. Hakunifukuza. Lakini kila alipoita zana, akifika mahali pa Kibiongo alinyamaza, muda uleule wa mtu kuitika, kisha akaendelea na inayofuata. Alifanya hivyo mpaka alipofariki. Zile kumi alinipa. Dada yangu naye alinisamehe, alisema hivyo mbele ya mama yetu na nikaamini. Ila nikimwambia mvua imenyesha kwetu, alituma mtu kuuliza. Nikimwambia mama amelala salama, aliamka akaenda kuangalia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Padre niliyemweleza aliniambia lilikuwa jua, na hofu ya kundi. Mimi sibishani na padre. Lakini Masunga aliendesha njia ile miaka mingi baadaye, na kabla ya kustaafu alinifuata siku moja akaniambia jambo alilokuwa amelificha. Kila akipita pale mchana, kabla ya kona, hata peke yake, alikuwa anasikia mtu chini ya gari anaitika, "Ipo." Alisema ni sauti yangu, lakini si hii niliyonayo sasa. Nilikwenda mwenyewe mwaka juzi, kwa basi dogo, nikashuka hapo saa sita. Nimezeeka, sauti yangu imepasuka, meno yamepungua. Niliyoisikia pale, mwanangu, bado ni kijana wa miaka ishirini na sita, mwaminifu kabisa, anaitika kitu ambacho hana.

Basi nasaha yangu ni hii. Kazi ya fundi, na kazi ya mtu yeyote anayeaminiwa, mara nyingi iko mahali ambapo mwenye mali hafiki kwa jicho. Atakuuliza, nawe utajibu, naye atapanda na watoto wake juu ya jibu lako. Usiitikie kitu usichokishika. Ukibanwa na mwenye saa, mwache agonge saa yake. Neno "haipo" linaaibisha mchana mmoja, watu wakala wakalala wakasahau. Neno "ipo" la uongo halina nyumbani, litazunguka mpaka limpate wa kumdhuru. Na kama umeshakosea, usijaze maji mdomoni. Kimbia ukaseme wakati lori bado liko kwenye barabara iliyonyooka. Mimi nilisimama nikatazama ukuta, na kama isingekuwa huruma nisiyoijua ilikotoka, leo ningekuwa nakusimulia kando ya kaburi la dada yangu.

Nenda, mwanangu. Mungu wako na masamva, wahenga wa ukoo wako, wakuwekee mkono imara gizani. Vidole vyako vione pale macho yasipofika. Wote watakaopanda gari ulilolifunga wafike kwao, wakuombee bila kukujua jina. Na siku utakayoitwa, mbele ya watu au mbele ya Mola, utakachosema unacho, uwe nacho kweli.